Shemeji Piga Windo na Kompyuta ya Baba

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi kompyuta, na mtaa mzima humwita Piga Windo. Jina limemkaa. Ukimpelekea kompyuta iliyopasuka kioo, atapiga windo. Ikikosa sauti, atapiga windo. Siku moja printa ya jirani ilitafuna karatasi, na sote tulimwona akitafuta tundu la kuchomeka flashi. Kupiga windo kwa mtindo wake ni kufuta kila kitu kilichomo, kuweka mfumo mpya, kisha kumrudishia mwenye mali mashine tupu huku akitabasamu kama mkunga.

Kibandani kwake pana meza, feni na brashi ya rangi anayopangusia vumbi. Kwa maneno, hana mpinzani.

Kompyuta ya marehemu baba ilipoanza kujizima yenyewe, mama alimpa yeye. Angempa nani, na mkwe yupo? Akamweleza vizuri kabisa: humo ndani mna sauti ya baba, aliyojirekodi alipokuwa akijaribu kipaza sauti. Mama alikuwa hajawahi kuisikiliza. Kwanza alikuwa na shughuli, halafu ukaja msiba, halafu mashine ikaanza vituko. Sauti yake nyingine hatuna popote.

"Ondoa shaka, mama," alisema shemeji. "Napiga windo, inakuwa mpya kama ya dukani."

Akachomeka flashi. Mashine ikapakia mafaili, ikafika katikati, ikatoa kioo cha bluu, ikazima. Akalaumu flashi. Akaleta nyingine, safari hii ikakwama mwanzoni kabisa. Akalaumu umeme. Akavuta waya kutoka kwa kinyozi wa jirani. Ikaenda mbali kidogo, ikafa tena. Akalaumu virusi. Virusi wa siku hizi, alisema, wamesoma.

Mtu mwingine angejiuliza: kama flashi ndiyo mbovu, si ingekwama palepale kila mara? Mashine inayogoma leo hapa, kesho pale, aghalabu inaumwa kwenye vyuma vyake yenyewe. Shemeji hakujiuliza. Jibu alikuwa nalo tangu asubuhi, kilichobaki ni mashine kukubali.

Mama akawa anapita kibandani kila akitoka sokoni. "Vipi, mwanangu, sauti?"

"Iko njiani, mama."

Siku moja nikachoka na jibu hilo. Nikaamua kufuatana na mama.

Shemeji alipotuona wawili, akaona lazima afanye kitu kinachoonekana. Akaifungua mashine, akachomoa kila kinachochomoka, akapangusa kwa ile brashi, akarudishia. Kijiti kimoja cha RAM, kile kibao chembamba kinachoisaidia mashine kushika kazi zake, akakisahau nyuma ya kikombe cha chai. Akawasha. Mambo yakaenda kama maji, bila bluu wala kujizima, mpaka kwenye swali: nifute diski yote?

"Si nilisema ni vumbi!" alipiga kelele, kidole tayari juu ya kitufe.

Nikamdaka mkono. "Shemeji, sauti ya baba iko wapi?"

"Kwenye diski."

"Na unafuta nini?"

Akaangalia kioo. Akamwangalia mama mkwe wake. Jasho likamtoka na feni inazunguka. Nikasogeza kikombe, nikaokota kile kijiti. "Na hiki?"

"Hicho ndicho kibovu," alisema harakaharaka. Ndivyo anavyosimulia mtaani mpaka leo: alikigundua, akakitenga.

Kumbe wakati wote huo kijiti kibovu ndicho kilichomlinda baba dhidi ya mkwe wake, kwa kuizima mashine kabla haijafika kwenye lile swali la kufuta. Nikakitia mfukoni kwa hasira, na kwa shukrani pia. Tukachomoa flashi, tukawasha upya. Mfumo wa zamani ukafunguka bila tatizo lolote. Mama akavuta stuli, na shemeji akabofya rekodi.

Baba alikohoa. "Inanasa hii? Mke wangu, hebu njoo useme neno, tusikie na yako."

Kwa mbali, katikati ya mgongano wa masufuria, sauti ya mama ikajibu: "Nina kazi. Subiri kidogo."

"Haya, nasubiri."

Kiti kikatoa mlio. Halafu hakukuwa na maneno tena, ni baba anapumua tu, anapumua, mpaka rekodi ikaisha.

Shemeji aliondoa mkono kwenye kibodi.

"Sikwenda," alisema mama. "Nilimaliza vyombo, nikasahau."