Ng'ombe wa Ghorofa ya Tatu

Kwa miaka thelathini na moja Bibi Masijala alilinda karatasi. Alikuwa mtunza mafaili katika ofisi moja kubwa, chumba cha chini, mlango wa mwisho, na humo ndani hakuna karatasi iliyothubutu kukunjika, kulowa wala kuchanika mbele ya macho yake. Aliyekuja kuazima faili alikaguliwa mikono kwanza, kama mtoto anayekwenda kula. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na lile jina. Saa ilikufa wiki ya pili, jina likabaki.

Basi shule zikafungwa, mvua nazo zikafunguka. Binti yake, muuguzi, akamletea wajukuu wawili asubuhi kabla ya kuingia zamu. Mkubwa alikuwa na miaka minane na wote walimwita Swali, maana hakujua namna nyingine ya kuzungumza. Mdogo wa miaka mitano aliitwa Kimya, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Mama, wasishinde kwenye televisheni," alisema muuguzi akiwa tayari mlangoni. "Tengeneza nao vitu vya mikono. Boksi, magazeti, gundi ya unga wa ngano. Rahisi sana."

"Rahisi kwa nani?" aliuliza Bibi Masijala, lakini binti alishafika ngazi ya chini.

Alipika gundi bila taabu. Uji ni uji. Kazi ilikuwa magazeti. Alikuwa nayo mengi, yamepangwa kwa mwezi na mwaka, na alipolishika la kwanza aliligeuza huku na huku.

"Bibi, mbona huchani?"

"Nasoma kwanza."

"Unasoma nini?"

"Tarehe."

Mwishowe akafumba macho akachana. Sauti ilipotoka aligeuka kutazama mlango, kana kwamba mkuu wa idara angeingia. Hakuingia mtu. Akachana la pili. Kufika la kumi alikuwa kama mtu aliyeanza kutafuna karanga: mkono unakwenda wenyewe.

Walikubaliana kutengeneza ng'ombe. Wa kwanza alitoka kwenye boksi la viatu, Swali akamzunguka mara mbili na kuuliza, "Huyu ni ng'ombe au panya mwenye pembe?" Bibi Masijala hakupenda kazi yake idharauliwe. Alivuka ukumbi akabisha kwa jirani yake fundi cherehani, aliyekuwa amenunua friji, akarudi na boksi lake, pamoja na yale mabomba magumu ya karatasi yanayoviringishiwa vitambaa. Boksi likawa tumbo, mabomba yakawa miguu. Trei ya mayai, ikikatwa vishimo vinne, ni kiwele kamili. Macho yalikuwa vifuniko vya chupa, mkia ulikuwa kamba. Siku tatu walichana, wakachovya, wakabandika. Ya nne wakampaka rangi nyeusi na nyeupe, wakamsogeza dirishani akauke, kichwa kikiwa nje apate upepo.

Msimamizi wa jengo alikuwa uani akizibua mfereji. Aliinua macho. Dakika moja baadaye alikuwa mlangoni anahema.

"Mama, sheria ya saba. Mifugo hairuhusiwi."

"Ni wa karatasi, baba. Mguse."

Alimgusa kwa kidole kimoja, akajifuta kwenye suruali. "Sheria haikusema wa nyama wala wa karatasi. Imesema ng'ombe. Na sheria ni msumeno, mama, hukata mbele na nyuma."

"Basi huo msumeno wako unatafuta mbao, hapa kuna boksi."

Aliondoka bila kuaga. Lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani: kufikia jioni mama wa ghorofa ya kwanza alikuja na jagi kuomba maziwa, na mzee wa ghorofa ya nne alilalamika kwamba mlio wa ng'ombe haumwachi apumzike mchana. Bibi Masijala alimwomba mzee radhi. Baadaye alijiuliza radhi hiyo ilikuwa ya nini.

Ijumaa akaja bwana mifugo, aliyeitwa na msimamizi. Kijana mpole, mabuti ya mpira, mfuko begani. Alimgonga ng'ombe ubavuni, akaweka kipimo cha moyo, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hapumui," alisema.

"Ni boksi la friji, mwanangu."

"Nimeona, mama. Tatizo ni fomu. Ina mzima, mgonjwa, amekufa. Haina boksi. Nikiandika amekufa, lazima azikwe leo hii."

Hapo Bibi Masijala alimwelewa kabisa. Fomu haichezewi. Alivuta kiti akaketi karibu naye, wakaisoma pamoja mstari kwa mstari, vichwa vikigusana.

"Andika mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

Wakamtazama. Unyevu wa mvua ulikuwa umeingia kwenye boksi na tumbo lilikuwa limevimba pande zote mbili. Ndipo Kimya, ambaye hakuwa ametoa neno tangu Jumatatu, akasema:

"Ana ndama tumboni."

Bwana mifugo akapumua kwa nafuu, maana chini ya mgonjwa fomu ilikuwa na nafasi ya mimba. Akaandika, akapiga muhuri, akamsomea msimamizi, aliyekuwa akingoja mlangoni, maelezo ya chini: mnyama mwenye mimba asihamishwe hadi azae.

"Azae lini?" msimamizi aliuliza kwa ukali. Watu wazima watatu wakamgeukia Kimya.

"Jumapili."

Jumamosi yote watoto wa jengo zima walikuwa sebuleni kwa Bibi Masijala. Aliwagawa: hawa wachanaji, hawa wachovyaji, na atakayekunja karatasi badala ya kuchana ataketi ngazini. Ndama alitoka kwenye katoni la sabuni. Walimpaka gundi, fundi cherehani akapasua tumbo la mama kwa mkasi wake wa kazi, wakamsukumia ndani akiwa bado mbichi.

Jumapili mchana msimamizi alifika na kamba, tayari kumtoa mzazi mara tu akimaliza. Hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Hata mzee wa ghorofa ya nne alikuja, kasimama nyuma kavua kofia. Fundi alivuta. Ndama hakuja. Gundi ilikuwa imeshika ndani.

"Bibi, atakufa?" Swali aliuliza, na safari hii sauti yake ilikatika. Bibi Masijala alijikuta ameshika pembe za yule ng'ombe, anampapasa uso na kumwambia polepole, "Jikaze, mama, jikaze."

"Siyo hivyo!" msimamizi alifoka ghafla. Alitupa kamba, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti. "Mtamvunja! Miguu ya mbele kwanza. Mimi nimekua zizini, nyie!"

Aliingiza mikono mpaka viwikoni. Alivuta taratibu, akamgeuza kidogo, akavuta tena. Kikatoka kitu kilicholegea, kinachuruzika uji, sikio moja limebaki ndani. Msimamizi aliketi sakafuni amekipakata.

"Jike," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wapangaji wake wote.

Hakuna aliyetaja kumhamisha ng'ombe siku hiyo, wala iliyofuata. Shule zilipofunguliwa wajukuu wakarudi kwao, na Bibi Masijala akabaki na ng'ombe wawili sebuleni. Kila Jumatano msimamizi hupanda, anasema amekuja kukagua. Hupewa chai, hukaa karibu na dirisha.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anakua," humjibu Bibi Masijala, naye hasemi uongo. Kila Jumanne humbandika gazeti moja zaidi.