Fundi Hilda na Kitabu cha Miili

Hilda Mashimba ni fundi cherehani wa Nyamuswa, na hapendi kuandikwa. Namwandika hivyo hivyo.

Kibanda chake kiko karibu na pale bodaboda wanapopaki. Kina mlango mmoja, cherehani moja na pazia moja la kitenge, na nyuma ya hilo pazia wameshavua nguo wanawake wote wa Nyamuswa, mke wa mchungaji na mke wa mlevi, kila mmoja kwa zamu yake. Ana miaka hamsini na saba. Mimi nina sabini na mbili, kwa hiyo ni mwanangu, ingawa tangu nimjue hajawahi kunitii.

Alizaliwa na miguu miwili mizima. Wa kushoto ulikauka akiwa na miaka mitatu, kwa polio. Baba yake, mzee Mashimba, akasema mbele ya watu kwamba huyu mtoto hatamletea hata mkia wa ng'ombe. Mjomba wake Isaya, karani wa kununua pamba, akamletea cherehani kuukuu kutoka Bunda. Watu walicheka sana: cherehani ya kukanyaga, anapewa mwenye mguu mmoja! Hilda akaukalisha ule wa kushoto kwenye kigoda kama mgeni, akakanyaga kwa wa kulia. Mzee Mashimba alivaa suruali alizoshonewa na binti yake mpaka anaingia kaburini, na hatukumsikia akizilalamikia.

Kuolewa alikataa mwenyewe. Alikuja bwana mmoja Felisian, wa Kabasa, na ng'ombe sita wa kutoa na maneno mengi kwamba yeye haangaliagi mguu, anaangalia roho. Huku macho yake yako kwenye cherehani. Hilda akampima suti, akamshonea nzuri kabisa, akamwambia, "Nenda ukaoe nayo." Akaoa nayo kweli, mwaka huohuo.

Akipima haongeagi, pini zimejaa mdomoni. Wewe umesimama nyuma ya pazia, mikono juu, naye anazungusha tepu. Anajua mimba kabla mume hajajua. Anajua mgongo uliopigwa na mgongo uliolima. Vipimo anaandika kwenye daftari, bila majina, anachora vipicha: huyu samaki, huyu chungu, huyu jembe. Siku moja nilichungulia nikaona mimi ni jogoo. Sikuuliza.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo hamtaelewa. Miaka tisa iliyopita titi langu la kushoto lilikatwa Mwanza, kwa kansa. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda Kabasa kumwangalia mkwe wangu aliyejifungua. Alikuwa amejifungua kweli, ila mtoto alishaanza kutambaa. Marehemu mume wangu alijua, daktari alijua, basi. Mimi ni kiongozi wa wamama kanisani, na nilikuwa nimeshawasema sana wanawake wanaotembeza magonjwa yao kijijini kama mnada. Nikasema, huyu Tabitha wa makalio, anayeutaka uongozi wangu, hatapata nafasi ya kunihurumia. Tabitha akikuhurumia umekwisha.

Nikaenda kwa Hilda. Nilivua, akaangalia, akapima. Hakuuliza kitu. Kwanza akajaribu sponji la godoro, jepesi mno, nikiinua mkono kusifu nalo linapanda kusifu. Akajaribu pamba iliyochambuliwa, vilevile. Mwisho akasema nimletee pamba mbegu, ile inayotoka shambani na mbegu zake ndani, kwa sababu mbegu zina uzito. Nikamletea ya shamba langu, daraja la kwanza, siyo fifi, ile chafu ya mwisho. Akashona kifuko cheupe, na kila gauni langu likapata mfuko wake kwenye bitana. Miaka tisa nimesimama mbele ya kanisa na titi la pamba, na Tabitha ananitafuta kasoro haioni.

Ndiyo akaja Diana. Diana ni msichana wa shirika moja la Musoma, mpole, ana miwani mikubwa. Alituita wamama pale kanisani, akatuambia wanakusanya kitabu, wanawake wa Mara waandike wenyewe kuhusu miili yao.

"Mwili upi, mwanangu?" Tabitha akauliza. "Huu wa kulimia, au kuna mwingine umetuletea?"

Watu wakacheka. Diana akanigeukia mimi. "Bibi, wewe una mengi ya kusimulia."

"Bibi yako yuko kwenu," nikamwambia. "Na mwili wangu hauna habari."

Madaftari aliyotuletea yakabaki mezani. Hilda akasimama na fimbo yake, akachukua moja, akatoka.

Baada ya wiki kijiji kizima kilijua kwamba fundi anaandika. Kumbe kila mmoja alikuwa na kitu nyuma ya lile pazia! Nyamburi, ambaye hajawahi kumpa mtu hata maji, alipeleka mtindi kibuyu kizima. Mke wa mchungaji alipeleka kuku. Tabitha alipeleka sato wawili wakubwa na kumwita Hilda dada. Hilda alipokea vyote, akashukuru, akaendelea kuandika.

Mimi sikupeleka kitu. Nilikwenda na gauni la kupunguza mikono.

"Hilda mwanangu, nasikia unaandika."

"Naandika."

"Unaandika watu?"

Akachomoa pini moja mdomoni. "Naandika mwili."

"Wa nani?"

"Mama Wanzagi, nyosha mkono. Bega limeshuka." Akapima, halafu akasema, "Kuna kitu unataka nisiandike?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini mimi kumwomba mtoto niliyemwona akitambaa?

"Andika utakacho," nikasema. "Mimi nina nini cha kuandikwa?"

Akarudisha pini mdomoni.

Siku ya uzinduzi shirika lilileta Coaster. Tukapitia Butiama kuwachukua wenzetu, tukaingia Musoma saa tatu asubuhi. Ukumbi uko jirani na ziwa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, na kila kiti kimefungwa utepe kiunoni.

"Hata viti vina gauni," Tabitha akasema.

Hilda akashika kitambaa, akageuza mshono, akauachia kama aliyeshika kitu kimeoza.

Mlangoni kila mtu alipewa kitabu. Mimi kusoma nilijifunza darasa la watu wazima, nasoma kwa kidole, polepole. Lakini jina langu nalijua hata kwa mbali. Nikaanza kulitafuta, ukurasa mmoja mmoja, huku mbele watu wanatambulishana. Ukurasa wa thelathini na moja nikaliona: Nyangi. Nikasogeza kidole, mstari kwa mstari, jasho linanitoka. Ni Nyangi mwingine, wa Butiama, ameandika jinsi jasho linavyomtoka tangu alipokoma hedhi. Nilimchukia huyo mama, na alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu akijipepea.

Akasimama mgeni rasmi, mwanaume mnene wa suti, cheo chake sikukisikia vizuri. Alizungumza dakika arobaini kuhusu mwili wa mwanamke bila kuutaja. Alisema "maumbile". Alisema "maeneo husika". Alipofika pagumu zaidi alisema "masuala yale", akanywa maji. Akakata utepe, kitabu kikawa kimezinduliwa.

Wakamwita Hilda asome. Alikwenda mbele na fimbo yake, taratibu, na wanawake wa Nyamuswa wote wakaacha kupumua. Nilishika kifua changu kwa mkono, upande wa pamba.

Akasoma: "Mguu wangu wa kushoto haujawahi kufanya kazi. Umekaa kwenye kigoda miaka arobaini unamwangalia mwenzake. Watu wananionea huruma kwa huo. Mimi ninaouonea huruma ni wa kulia, maana ndio uliochoka, na hakuna anayeuuliza hali."

Akaendelea hivyo kurasa tatu. Mguu, kisigino, goti, jinsi unavyowaka wakati wa Krismasi nguo zikiwa nyingi. Akafunga kitabu akarudi kukaa. Nyamuswa nzima haikuwemo.

Ukumbi ulipiga makofi. Upande wetu hatukupiga.

"Miaka thelathini ananipima," Tabitha akanong'ona, "hata mstari mmoja?"

"Anirudishie mtindi wangu," Nyamburi akasema.

Na mimi, mnaweza kucheka, niliumia. Niliogopa miezi mitatu, halafu nakuta sikufaa hata kutajwa! Lakini siri yangu ilikuwa salama, na ningerudi nayo nyumbani kama nilivyokwenda nayo, isingekuwa yule mgeni rasmi kuomba neno la mwisho.

"Nimefarijika," akasema, "nimekipitia hiki kitabu chote, hakuna aliyeandika kansa ya hapa." Akajionyesha kifuani juujuu, kwenye tai. "Hayo ni magonjwa ya mjini, ya wanaokula chipsi. Mama zetu wa vijijini wanakula dona na mlenda, hawayajui hayo. Tuwapigie makofi!"

Wakapiga makofi. Nilipigiwa na mimi.

Mtu anisingizie nimeiba, nitavumilia. Lakini mtu asimame na kipaza sauti anidanganye kuhusu mimi mwenyewe, na nimpigie makofi? Nilijikuta nimesimama. Tabitha akanivuta gauni, nikamtoa mkono. Nikafika meza kuu. Sasa nifanyeje? Nikaingiza mkono kifuani, nikachomoa kile kifuko, nikakiweka mezani mbele yake. Uzi wa pembeni ulikuwa umeachia, pamba imechungulia.

Mshereheshaji, kijana anaitwa Gody, akarukia kipaza sauti: "Oneni upendo huo! Mama yetu wa Nyamuswa amemletea mgeni rasmi dhahabu nyeupe ya Bunda! Vigelegele!"

Vigelegele vikapigwa. Mgeni rasmi akainuka, akakishika kifuko kwa mikono miwili, akakiinua juu wapiga picha wapate. Akakibonyeza.

"Laini kweli," akasema. "Hii pamba ni daraja la kwanza."

Hapo alisema kweli. Nikamwomba Gody kipaza sauti.

"Mheshimiwa, asante. Hicho unachobonyeza ni titi langu."

Mgeni rasmi alibaki amelishika, hajui aliweke au aendelee.

"La kwangu lilikatwa Mwanza, mwaka wa tisa huu," nikasema. "Kwa kansa hiyohiyo ya mjini. Mimi nimezaliwa Nyamuswa, na chipsi sijawahi kuzionja. Hilo kashona fundi Hilda, yule pale, aliyesoma mguu. Mnaoona kitu kwenye titi msikae kimya, nendeni hospitali. Nimemaliza."

"Changamoto tumeipokea," mgeni rasmi akasema, akaliweka mezani polepole, kama yai.

Kwenye Coaster kurudi nilijua kinachonisubiri. Upande mmoja wa gauni umejaa, wa pili umelala, na hakuna pa kujificha. Nilikaa wima. Wa kwanza kunirukia hakuwa Tabitha, alikuwa Hilda, na hakuwa na huruma.

"Miaka tisa nimekushonea usijulikane," akasema. "Nimelala na siri yako, nimekula nayo. Wewe umeitoa kwa mwanaume mwenye tai."

"Amenidanganya mbele ya watu."

"Ungemwambia kwa mdomo! Ile kazi ya mikono yangu ulimpa ya nini?"

Ndipo tukaulizana nani alilichukua mezani, hakuna. Titi lilibaki Musoma. Dereva wa mgeni rasmi alikuwa amekusanya zawadi zote za mezani, picha ya ukutani, kikapu na kifuko changu, akapakia kwenye gari la bosi wake.

Tabitha akaanza kucheka. Nikajua hii ndiyo ile huruma yake, imekuja. Alicheka mpaka akajishika pembeni, halafu akasogea kwenye kiti changu.

"Mama Wanzagi," akasema, "haya makalio yangu yaliyokukera miaka yote hii…"

"Tabitha, nyamaza," Hilda akasema.

"Sinyamazi, si kitabu umekimaliza? Mama Wanzagi, ni pamba. Na siyo daraja la kwanza kama yako. Fifi tupu!"

Coaster ilicheka kutoka Makutano mpaka Butiama. Hilda peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia dirishani kama mtu aliyeibiwa dukani mchana.

Jumatatu nilikwenda kwake na pamba mpya kwenye mfuko wa rambo. Diana alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama nitaandika kwenye kitabu cha pili, nikamwambia nitafikiria, na aache kuniita bibi. Nilimkuta Hilda bado amenuna. Akafunga pazia kwa nguvu.

"Huna sababu ya kulifunga," nikasema. "Wote wanajua."

"Ni kibanda changu," akasema. "Inua mikono."

Nikainua. Akazungusha tepu, akaandika, akasimama akifikiri na pini mdomoni.

"Kipimo kilekile?"

Nilifikiri kidogo. Miaka tisa nilikuwa navaa titi la kudanganyia, kwa hiyo lilikuwa lazima lifanane na mwenzake, na mwenzake ana miaka sabini na mbili.

"Ongeza," nikamwambia. "Jumapili Tabitha anakaa nyuma yangu, nataka hata akiwa nyuma alione."

"Litapishana na lile la kulia."

"Lile la kulia ni la Mungu, atajua la kulifanya. Wewe shona."

Akaenda kukaa, akauweka mguu wa kushoto kwenye kigoda, na wa kulia ukaanza kukanyaga.

"Na huo mguu," nikamuuliza, "haujambo?"

"Unauma," akasema, bila kuinua macho. "Shika huku, ushikilie kitambaa."