Alama za Msumari kwenye Maganda ya Shaba

Asubuhi moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na siikumbuki kwa furaha. Nilikuwa Temeke, ndani ya karakana ya bunduki, nimeshika ganda tupu la risasi lililong'aa hata nikayaona meno yangu ndani yake. Nilikuwa nacheka. Papo hapo nikagundua kwamba nimefanya kosa, na papo hapo nikaamua kulificha.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana siku hizi mtu akisikia habari za risasi moyo unamruka. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kule Kibamba watu walikuwa wamelima shamba kubwa la pamoja, mihogo na mahindi, na nguruwe mwitu nao wakajiona wanachama. Kijiji kilikuwa na mlinzi wa shamba mwenye bunduki ya marisau, na karakana yetu, yenye kibali cha serikali, ndiyo iliyomtengenezea risasi yeye na walinzi wengine wa vijiji vya jirani. Risasi mpya kutoka nje zilikuwa zimeadimika. Kwa hiyo walinzi walitunza maganda ya shaba waliyokwisha kuyafyatua, wakatuletea, nasi tukayasafisha, tukayakagua na kuyajaza upya.

Fundi wetu alikuwa Mzee Chilumba, mtu wa Newala, mkimya, mwenye vidole vilivyokakamaa. Kila ganda alilisugua kwa mkono, kwa majivu na ndimu. Kisha aliliangusha juu ya jiwe akasikiliza. Ganda zima lililia kama kengele ya baiskeli, lenye ufa lilitoa sauti butu, kama kijiko cha mbao. Mwisho alichukua msumari akalikwaruza ubavuni, mkwaruzo mmoja kila lilipojazwa. Shaba nayo huchoka, alikuwa akiniambia. Ganda likifika mikwaruzo sita alilipondaponda kwa nyundo na kulitupa kwenye debe, hata kama kwa macho lilikuwa halina kasoro.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa sababu hiyo Fundi na wateja wote waliniita Msomi. Jina lilinipendeza kupita kiasi. Kazi ya kusugua iliniudhi, vidole vikawaka kwa ndimu, na jioni ukihesabu huoni ulichofanya. Nikapata mota ya cherehani ya umeme iliyotupwa. Nikaifunga mezani, mbele yake nikatia brashi ya waya, na nyuma ya brashi gurudumu la kitambaa cha kung'arishia. Ukilisogeza ganda pale, pumzi mbili tu, limekuwa jipya. Sioni haya kukwambia kwamba ilikuwa mashine nzuri. Hata leo naipenda.

Fundi hakuwahi kuiona ikifanya kazi. Alipata habari za msiba wa dada yake akaondoka kwenda kwao, nami akaniachia mfuko wa maganda kutoka Kibamba. Kukagua na kujaza alikuwa amenifundisha. Neno lake la mwisho lilikuwa moja tu: "Msomi, usiharakishe."

Kesho yake nikawasha mota. Kabla ya adhuhuri mfuko mzima ulikuwa umekwisha, kazi ya wiki. Ndipo nikaliinua lile ganda nililokutajia, nikayacheka meno yangu, nikaligeuza ili nihesabu mikwaruzo. Hakuna. Nikachukua la pili. La tatu. Brashi ilikuwa imekula uchafu, imekula na alama za Fundi. La mara moja na la mara sita yalikuwa yamelala pamoja kwenye karai, yote mazuri sawasawa.

Nilijua la kufanya. Ilinipasa kuyaponda yote na kumwambia Mzee Kondo, mlinzi wa Kibamba, kwamba hana risasi mpaka zipatikane nyingine. Lakini mahindi yalikuwa yamekomaa. Na tena, mwanangu, tusidanganyane: si mahindi yaliyonizuia. Niliogopa kuitwa Msomi kwa sauti ya dhihaka. Nikachukua msumari, nikayakwaruza yote, mkwaruzo mmoja kila moja. Nikayaangusha juu ya jiwe pia, lakini masikio yangu yalikuwa bado yanavuma mota, na kila ganda likasikika zima. Nikayajaza mpaka baruti ikaisha.

Mzee Kondo alikuja Ijumaa baada ya sala, na baiskeli yake.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba, Msomi. Fundi hayupo? Basi leo nimeangukia kwa daktari mwanafunzi!" Akacheka, akachukua risasi moja na kuipitishia ukucha wa dole gumba. Akachukua nyingine. "Zote mmoja mmoja? Mbona tumetajirika ghafla?"

"Tumepata maganda mapya," nikasema.

"Haya bwana. Wewe shule yako vitabuni, mie shule yangu huu ukucha. Ukucha ukisema mmoja, mie nimeamini mmoja."

Akafunga mfuko kwenye baiskeli, akaenda.

Haikupita wiki mbili habari zikafika. Ganda lilikuwa limepasuka kitakoni, moto na moshi vikamrudia usoni. Jicho la kulia halikupona. Na kulikuwa na la pili: wakubwa wa kijiji walisema Mzee Kondo alizichokonoa risasi akajiongezea baruti ili aue nguruwe kwa pigo moja, akajiunguza mwenyewe. Bunduki ikachukuliwa, kazi ya ulinzi akanyang'anywa. Watoto wa Kibamba wakaanza kumwita Baruti.

Nilizisikia habari hizo kwa mwuza maji, nami nikanyamaza. Siku nne, mwanangu. Nilikula, nililala, nilisafisha maganda mengine kwa mkono, kwa majivu na ndimu, kama mtu anayetubu bila kutaka kusikika.

Siku ya tano Fundi akarudi. Alikuwa amekwisha kupata habari njiani. Hakuuliza hali yangu. Kwenye karai yalikuwa yamebaki maganda machache ya mfuko ule ambayo baruti haikuyatosha. Akachukua moja, akalipapasa, akatazama mota mezani, akavuta kigoda akakaa.

"Nani amekwaruza hapa?"

"Mimi, Mzee."

"Ganda hili limejazwa mara ngapi?"

"Sijui."

"Hujui." Akaliweka chini polepole. "Lakini umeandika."

Mpaka leo sijapata kupigwa kwa fimbo iliyouma kama maneno hayo mawili. Nikaanza kulaumu mota, kwamba brashi ilikuwa kali mno, kwamba laiti ningetumia ya nywele. Akainua mkono.

"Mashine ni nzuri, nitaitumia. Wewe ndiye sijui kama bado nitakutumia. Vaa viatu."

Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu kufuata mihogo, tukashuka Kibamba. Mwenyekiti wa kijiji akakusanya watu penye ghala. Mzee Kondo aliletwa na binti yake, kitambaa kimefunika nusu ya uso. Nikasimama mbele yao nikasema yote, tangu brashi hadi msumari. Fundi alisimama kando, hakunisaidia hata neno.

Nilipomaliza, Mzee Kondo akageuza kichwa upande wa jicho lake zima.

"Kwa hiyo mie sikuongeza baruti?"

"Hukuongeza, Mzee."

"Hebu sema tena. Mwenyekiti ana masikio mazito."

Watu wachache wakacheka, kwa woga. Nikasema tena, kwa nguvu. Akanitaka niseme mara ya tatu, na safari hii hakuna aliyecheka, maana binti yake alikuwa analia.

"Jicho limekwenda, Msomi," akasema. "Chuma ni chuma, kingeweza kupasuka hata kwa Fundi. Lakini siku zote hizi umeniacha naitwa mzembe mbele ya wanangu, na neno la kunisafisha unalo mdomoni. Hilo ndilo linaloniuma."

Alirudishiwa bunduki na kazi. Jicho sikuwa na la kumrudishia. Zile risasi zilizobaki tulizirudisha karakana, Fundi akazifungua, na maganda yote nikayaponda mimi. Mengi yalikuwa mazima, hata kwa sikio la Fundi, lakini hapakuwa na mtu wa kujua lipi ni lipi. Kuanzia hapo alama tulizigonga kitakoni, mahali brashi isipofika, na mota ikafanya kazi miaka mingi.

Mzee Kondo hakuacha kuja. Misimu mitano mfululizo alikaa mbele yangu, akachukua risasi moja moja, akaipapasa kitako kwa ukucha, akaniuliza, "Mara ngapi, Msomi?" Nikajibu, akahakiki, akachukua nyingine. Ijumaa moja aliutwaa mfuko akaufunga moja kwa moja kwenye baiskeli. Nikatoka nje nikaushika.

"Tafadhali, Mzee, kagua."

Akaushusha mfuko. Kisha akakaa, akafungua mfuko, akatoa risasi ya kwanza. "Sasa," akasema, "naweza kukuita Fundi."

Ndiyo sababu nakuandikia, mwanangu, wewe uliye na mashine zinazofanya kwa pumzi moja kazi tuliyoifanya kwa wiki. Zitumie, wala usizionee haya. Ila kabla hujawasha, uliza ni kitu gani kilichoandikwa na waliokutangulia ambacho mashine hiyo itakifuta. Usilolijua, usiliandike. Na ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwenzio hajabebeshwa kosa lako. Mimi nilichelewa siku nne, na nimezeeka nazo.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi mwepesi wa kukiri. Akulindie macho yako, na ya wale wote watakaokiamini kilichotoka mkononi mwako. Amina.