Gitaa na Sufuria

Juzi harusini hapa Ujiji, vijana walimzomea Mzee Donati, mpiga gitaa, eti kazeeka. Nilitamani kuwachapa.

Nilikuwa mdogo alipofika kwetu Kagunga akikimbia vita Burundi, na wanawe na gitaa la umeme. Halikusikika, nikadhani limekufa. Akaliegemeza kwenye mtumbwi uliopinduliwa, unaonuka dagaa, akalipiga, mbao zote zikaimba.

Boti ya kuwapeleka wakimbizi kambini ilipokuja, kila mtu aliruhusiwa mzigo mmoja. Donati akaacha sufuria.

"Wanao watakula nyuzi?" Mama akafoka.

"Wakilia, Mama Neema, nitawabembeleza kwa sufuria?"

Mama akaiokota, akaondoka nayo. Nikajua ameiiba. Kumbe! Boti inang'oa nanga, akaingia ziwani hadi kiunoni, akimtukana, akampandishia sufuria imejaa dagaa wetu wote.