Pua ilivyosema shamba la mama yangu halina mwenyewe

Wakuu, salaam kutoka Bunia.

Nina hasira, kwa hiyo mkikutana na maneno makali mnivumilie. Uongo lakini hamtaukuta humu. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu.

Pua mnaijua wote. Kile kidude kama pasi ya mkaa. Kinakitwa ardhini, kinanusa jasho lililomwagika kwenye udongo miaka yote ya nyuma, kisha kinataja ni la nani.

Kilipotoka, redio zote zilishangilia. Kesi za mashamba zimekwisha! Dunia nzima itapumua, mapanga yatarudi kukata migomba! Huku Ituri, tulikozika watu kwa ajili ya mipaka, hata mimi nilipiga makofi. Mjinga mimi.

Mama yangu ni déplacé. Vita vilitutoa Djugu, tukapanga chumba hapa mjini, mtaa wa Bigo. Mimi nikashona nguo, yeye akauza mboga za watu wengine. Mboga za watu wengine, wakuu! Mwanamke ambaye kwao alikuwa anagawa maharage bure.

Ilipokuja amani, hii amani yetu ya kulala na viatu miguuni, mama alitaka kitu kimoja tu. Arudi apande kwenye shamba lake kabla ya mvua.

Akaambiwa sawa, ila Pua ipite kwanza. Shamba ni la mwenye zaidi ya nusu ya jasho. Akikosekana, linachukuliwa na projet, lile shirika lililoileta Pua huku, wanapanda miti yao ya kuuza. Na ushahidi wa mdomo umefutwa, eti midomo ya watu inadanganya.

Tukapanda milimani, kwetu Djugu.

Shambani tulimkuta Mama Furaha, jirani yetu wa upande ule mwingine, wale ambao wakati wa vita tuliambiwa ni adui. Alikuwa amepanda maharage kona moja ili pori lisimeze shamba. Alipomwona mama alitupa jembe, wakakumbatiana, wakalia mpaka na mimi nikageuza uso.

"Karibu, Mama Neema," akasema. "Shamba yako iko. Mi niliichunga tu. Ile maharagi utavuna weye."

Mnaona? Hapo kesi ilikuwa imekwisha. Aliyelima mwenyewe anasema si langu. Mnataka nini tena?

Hapana. Ajenti wa projet, kijana msafi na gilet yake ya kazi kifuani, akakita Pua mbele ya wanawake wa kijiji waliokuja kutazama.

Kila mtu kijijini, mama naye, alikuwa ameshaiwekea kiganja ili imjue. Ikaanza kutaja. Mama. Mama Furaha. Mke wa katekista. Wajane wa ng'ambo ya mto. Ikataja, ikataja, hata nikachoka kusimama. Waliokufa, kwa kuwa hawakuweka kiganja, iliwaita "haijulikani". Na kila ikisema "haijulikani", wale mama walikuwa wanamtaja marehemu kwa sauti ya chini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Kwetu mwanamke halimi peke yake. Ni salongo: leo wote kwako, kesho wote kwangu, wa kabila letu na wa kabila lile. Na siku ya zamu yako, wewe mwenye shamba ndiye unayeshika jembe kidogo kuliko wote. Uko jikoni, unasonga fufu, unapika sombe, unachuja pombe ya mandro ya kuwapa wenzako. Jasho lako liko kwenye mashamba yao. Jasho lao ndilo liko kwako.

Mtu mwenye akili alipaswa kuona majina yale na kuvua kofia. Ajenti akasoma tu.

"Mama, hauko na nusu. Terrain hii haina mwenyewe."

Mama Furaha karibu amrukie. "Namna gani haina mwenyewe? Siye wote tulimulimia huyu! Uliza mutu yeyote hapa!"

"Mama, mi siulizake batu. Mashini imesha kusema."

Haulizi watu! Vita havikuweza kuichukua ile ardhi, kidude kama pasi kimeichukua kwa sababu tulisaidiana. Tungekuwa wachoyo, kila mtu na kishamba chake na ua wake, tungepewa.

Mama aliokota jembe la Mama Furaha.

"Kijana, acha Pua yako pale pale," akasema. "Inuse na jasho hili."

Akaanza kulima. Mama Furaha akafuata, mke wa katekista akafuata, wajane nao. Siku ile hakuna aliyekwenda kupika. Ajenti aling'oa mashine yake, akapanda pikipiki.

Mama yuko kule mpaka leo. Mvua imenyesha, maharage yameota. Projet imetuma neno kwamba inakuja kuyang'oa, na wale wanawake wanalala na mama shambani kwa zamu.

Funzo nililopata: ukiletewa kitu cha kumaliza ugomvi wenu, uliza kwanza kama waliokitengeneza wanajua mnavyoishi. Sisi hatukuuliza, tulipiga makofi.

Ninyi wa Boga, wa Ngezi na kwingine kote, Pua imeshafika kwenu? Iliwaambia nini? Semeni hapa chini. Na anayetaka kuitetea aje pia, nipo macho.