Hadithi Isiyosema Kama Alifika

Tulipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, hapa ugenini Mount Druitt, nilirudia kusoma hadithi fupi za mwandishi mmoja mwenye falsafa nyingi. Niliyoipenda zaidi ilimhusu msafiri anayerudi nyumbani na kukuta kila mji anaofika una jina la mji wa kwao. Jirani yangu Mkongomani, ambaye mumewe alikwama Bukavu mipaka ilipofungwa, aliniomba nimsimulie tukiwa kila mtu uani kwake. Nilipomaliza akauliza, "Sasa ule mwanaume alifika kwake?"

"Mwandishi hasemi, dada. Ndiyo utamu wake."

"Utamu gani? Mimi ningemfikisha."

Akaimalizia mwenyewe: msafiri alibisha hodi, akapewa ugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nilimsikiliza kwa adabu tu.

Mumewe alifika mipaka ilipofunguliwa. Mimi bado naipenda zaidi ile ya mwandishi.