Asumini ya Pangani na Jaa Langu

Mimi ni mjuaji. Cheo hicho alinipa mke wangu, na hakunipa kwa kunisifu. Miaka yangu yote ya kazi nilisimamia mizani bandarini, nikazoea kusema neno moja na watu wakaliandika. Nilipostaafu nikabaki na ua, kuku watatu, na mwanamke ambaye hajapata kuandika neno langu hata moja.

Jaa nililianza kwa hasira. Gari la taka lilikuwa limekawia, ndoo ya jikoni imejaa nzi, nami nikaimwaga chini nione hasa tunatupa nini. Maganda ya mihogo, maganda ya ndizi, chicha la nazi, maganda ya machungwa ya Muheza, majani ya chai. Nikaona haya kuviita uchafu. Nikazungushia makuti kwenye pembe ya ua, karibu na banda la kuku, nikaanza kupanga: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, tabaka la samadi ya mbuzi niliyoomba kwa jirani. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Babu," akasema, "wenzio wakistaafu huenda Maka. Wewe umekwenda jaani!"

Nilicheka, lakini moyoni nikaapa kwamba iko siku atalishukuru jaa lile.

Pale mlangoni aliposimama ndipo ilipokuwa asumini yake. Alikuja nayo mwaka tuliooana, kijiti kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi, amekikata uani kwa mama yake Pangani. Mama alishafariki, nyumba ikaanguka, na kiwanja kimejengwa na watu wengine. Iliyobaki ni ile asumini. Kila Ijumaa nikivaa kanzu yangu, mke wangu alikuja na maua matatu manne akanitia mfukoni, kifuani. Hata kama tulikuwa hatusemezani tangu Jumanne, maua yalikuja.

Baada ya kiangazi kimoja kirefu aliitazama akasema, "Mwaka huu imechoka." Basi. Hakuniomba lolote, lakini mjuaji haombwi. Jaa langu lilikuwa na wiki sita, na asubuhi lilitoa mvuke kama chungu cha uji. Nilitia mkono ndani, nikaukuta moto, nikafurahi. Kwa akili yangu, moto ndio nguvu. Tumelelewa hivyo, dawa isiyochoma koo hatuihesabu dawa.

Nikamsubiri aende Tongoni kwenye hitima ya jamaa yake, siku mbili. Nikashindilia ndoo mbili za mbolea ile kuzunguka shina, mpaka likafunikwa, nikamwagia maji. Nilitaka arudi akute asumini imenawiri, aniambie neno moja zuri.

Alirudi akakuta majani yameanza kukauka kingo. Siku ya tano mti mzima ulikuwa rangi ya tumbaku. Alipiga magoti akaifukua mbolea kwa mikono yake.

"Umeweka nini hapa?"

"Mbolea."

"Mbona ya moto?"

Akapangusa vidole kwenye kanga, akasema taratibu, "Hii ilikuwa ya mama."

Laiti angenitukana. Ijumaa ile alinipigia pasi kanzu kama kawaida, akaitundika, akaenda zake jikoni. Nilikwenda msikitini na mfuko mtupu, na niliona aibu njia nzima kana kwamba watu wanauona.

Wanasema majuto ni mjukuu, na kweli huja na kelele zake. Sikulala vizuri wiki ile. Nikamwendea mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Akaniamkia, nikaitikia, nikamweleza yote bila kuficha ndoo hata moja.

"Babu," akasema, "mbolea haijaiva hiyo. Inajipika bado. Chomeka kijiti katikati ya jaa, kiache kikae, kisha ukichomoe ukishike. Kikikuunguza wewe, kitaunguza na mzizi. Geuza kila wiki, ungoje. Na huo mti ukateni chini kabisa, mwagieni maji, muuache."

Kisha akaniuzia miche ya pilipili ambayo sikuifuata.

Nilirudi nikamwambia mke wangu maneno yale kama nilivyoyasikia, na nikasema nimeambiwa. Alinitazama sana. Akachukua kisu cha jikoni akaikata asumini mwenyewe, ikabaki kisiki cha shubiri moja.

Tukangoja. Kila Jumamosi niligeuza jaa kwa koleo. Likashuka mpaka nusu. Chicha lilitangulia kupotea, yakafuata maganda ya ndizi. Ya mayai yalikaidi. Nikafukua hata kijiko cha chai ambacho nilisingiziwa mwaka mzima kwamba nimekipoteza. Nilikiosha nikakirudisha kabatini, kimya. Haikuwa saa ya kudai haki.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza alipokuja mwenyewe hadi kwenye makuti, mara ya kwanza tangu nilisimamishe jaa.

"Imepoa?"

Nikachomoa kijiti nikampa. Alikishika, kisha akakiweka shavuni, jinsi alivyokuwa akiwapima wanetu homa. "Haya," akasema, "nipe kidogo." Akachota kwa kifuu cha nazi mboji nyeusi, nyepesi, isiyonuka chochote ila udongo. Kifuu kimoja tu. Akainyunyiza mbali kidogo na kisiki. Nilitaka kusema aongeze. Nikajiuma ulimi.

Siku nilipoliona chipukizi, kijani, dogo kama punje ya mchele, nilimwita kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika. Hakutoka hata jikoni.

"Nimeliona tangu Alhamisi iliyopita," akasema. "Nilinyamaza, usije ukaliletea ndoo!"

Siku hizi maganda anayamwaga mwenyewe jaani, na mimi ndiye ninayeambiwa kwamba majani makavu hayatoshi. Nakubali. Nimegundua kuna raha yake kuwa mtu wa kugeuza tu.

Ijumaa moja, nikiwa navaa kanzu, alikuja na mkono mbichi akanitia kitu mfukoni. Nikachungulia: ua moja.

"Nenda," akasema, "utachelewa."

Niliposujudu, ua liliponyoka mfukoni likatua kwenye mkeka, mbele ya pua yangu. Nilikawia kuinuka kuliko safu nzima, na Mungu anisamehe, haikuwa kwa uchamungu.